Nafasi ya Kucheza

Fundi wa magari akijilaza chini ya gari, akashika gurudumu kwa mikono miwili na kulitikisa, kuna neno moja ambalo mwenye gari hapendi kulisikia: "Linacheza." Maana yake kuna kitu kimelegea, pameingia nafasi mahali ambapo chuma kilipaswa kubana chuma, na sasa pesa itatoka. Neno lilo hilo likitoka kinywani mwa mama mwenye mimba ya miezi mitano, nyumba nzima hufurahi: mtoto ameanza kucheza. Jino la mwanafunzi wa darasa la kwanza likicheza, hakuna mwenye wasiwasi ila yeye. Ngoma huchezwa, mpira huchezwa, bao huchezwa, na wanawake kumi wanaochanga kila Jumamosi ili mmoja wao aondoke na fungu lote husema, bila hata kutabasamu, kwamba wanacheza mchezo.

Mholanzi Johan Huizinga, katika kitabu chake Homo Ludens cha mwaka 1938, alitenga sura nzima kupekua maneno yenye maana ya kucheza katika lugha mbalimbali, kuanzia Kigiriki na Kisanskriti hadi Kichina na Kijapani. Aliona kwamba lugha kadhaa huita kucheza hata ule ulegevu mdogo wa gurudumu kwenye ekseli, jambo likamstaajabisha. Kiswahili hakukifikia. Angekifikia angepata shahidi mwingine, tena shahidi mwenye maneno mengi. Mimi naona fundi wetu, bila kukusudia, ameshika kiini cha jambo lililowahangaisha wataalamu wa wanyama kwa zaidi ya miaka mia moja: kucheza ni ile nafasi inayobaki kati ya kiumbe na haja zake. Panapobana kabisa, hapachezeki; na kiumbe asiyewahi kupata nafasi hiyo huonekana baadaye, kama gari lililokazwa kila nati hata usukani haugeuki.

Sisi wenyewe hatuuheshimu mchezo kiasi hicho. "Acha mchezo," twasema tukitaka mtu awe mkweli. Anayeharibu fursa "anachezea maisha." Jirani akiuliza mtoto yuko wapi, mzazi hujibu "yuko nje anacheza tu," na katika hiyo "tu" kuna hukumu nzima. Hata wahenga waliotuambia kwamba mcheza kwao hutunzwa ndio hao hao waliotuonya kwamba mchezea zuri, baya humfika.

Lakini hebu tutazame bei yake. Mwaka 1991 Robert Harcourt alichapisha matokeo ya uchunguzi wake katika pwani ya Peru, ambako sili wenye manyoya huzaliana na simba-bahari huja kuwawinda watoto wao. Katika watoto 26 alioona wakiuawa, 22 walikuwa wakicheza kwenye maji ya kina kifupi walipokamatwa. Walishughulika na kurukiana, hawakutazama nyuma. Tabia yenye gharama kama hiyo ingetarajiwa kufutika katika ukoo wa sili vizazi vingi vilivyopita. Haikufutika. Mbuzi mchanga hurukaruka juu ya kichuguu hadi aanguke, paka hukimbiza mkia wake mwenyewe, na ndama wa tembo hutimka akipunga mkonga kuwafukuza yangeyange wasiomkosea lolote. Wote wanatumia nguvu waliyoipata kwa maziwa ya mama, na mama ameipata kwa jasho.

Karne ya kumi na tisa ilikuwa na jibu jepesi. Mwingereza Herbert Spencer aliona mchezo ni nguvu ya ziada inayotafuta pa kutokea, kama mvuke wa sufuria. Kisha mwaka 1896 Mjerumani Karl Groos akaandika kwamba mnyama mdogo huchezea kazi za ukubwani: mtoto wa simba anayevizia sikio la dada yake anafanya mazoezi ya kumvizia pundamilia. Wazo la Groos limetukaa hasa. Filamu yoyote ya wanyama ikionyesha watoto wa duma wakigaragazana, msimulizi atasema wanajifunza kuwinda, na sisi kwenye kochi tutatikisa kichwa kukubali.

Tatizo ni kwamba watu walipoanza kupima, Groos akaanza kuyumba. Tim Caro, ambaye baadaye aliandika kitabu kikubwa kuhusu duma wa Serengeti, alilea paka waliopewa vitu vya kuchezea na wengine wasiopewa; walipokua, hawakutofautiana katika kukamata windo. Lynda Sharpe alikwenda kwenye jangwa la Kalahari kwa wale nguchiro wanaosimama wima kama askari wa lindo. Aliwafuatilia tangu utotoni, akahesabu nani anacheza mieleka na nani hachezi sana. Miaka ilipopita na mapigano ya kweli yakafika, yale ya kugombea nani atatawala kundi, waliocheza sana hawakushinda zaidi ya wenzao. Wala mchezo haukuwapunguzia ugomvi kati yao. Nikisoma matokeo ya Sharpe hupata picha ya mtafiti aliyekaa juani miaka kadhaa akisubiri jibu ambalo kila mtu alidhani analijua, kisha likaja kinyume.

Si kwamba mchezo hauna faida. Robert na Johanna Fagen waliwafuatilia watoto wa dubu katika kisiwa cha Admiralty, Alaska, wakakuta kwamba waliocheza zaidi katika kiangazi chao cha kwanza walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi, hata baada ya kuzingatia wingi wa samaki na hali ya mama zao. Kwa hiyo faida ipo; ila haiko pale Groos alipoielekeza. Anayechezea uwindaji hawi lazima mwindaji bora. Anapata kitu kingine.

Kitu hicho kilianza kuonekana kwa panya. Jaak Panksepp, mzaliwa wa Estonia aliyefanyia kazi Ohio nchini Marekani, aliwachunguza panya wa maabara kwa miaka mingi na kugundua kwamba wakicheza hutoa sauti nyembamba ya takriban kilohezi 50, juu kabisa ya uwezo wa sikio la binadamu. Yeye na Jeffrey Burgdorf wakaanza kuwatekenya panya kwa vidole. Sauti ile ile ikatoka, na panya wakawa wanafuata mkono ili watekenywe tena. Wenzake wengi walikunja uso aliposema panya wanacheka. Leo wanaobisha ni wachache, ingawa bado wapo wanaochagua neno la tahadhari zaidi. Lililo zito kuliko kicheko ni hili: panya walioondolewa gamba la nje la ubongo wakiwa wachanga, yaani ile sehemu tunayoihusisha na akili, waliendelea kucheza. Hamu ya kucheza imekaa chini, katika ubongo wa kale, jirani na njaa na hofu. Haikuletwa na akili. Yaelekea yenyewe ndiyo inayoisaidia akili kukomaa.

Sergio Pellis wa Chuo Kikuu cha Lethbridge, Kanada, ameutazama mchezo wa panya polepole, picha kwa picha. Panya wakipigana kweli hulenga kuuma matako na mbavu. Wakicheza hulenga kisogo, na wakikifikia hawaumi, hukisugua tu kwa pua. Anayeshambuliwa hujigeuza chali, na aliye juu mara nyingi hufanya jambo la ajabu: husimama juu ya mwenzake kwa miguu yote minne, mahali asipo imara, akimpa mwanya wa kumpindua. Kisha Pellis na wenzake wakalea panya wadogo pamoja na wakubwa wasiocheza, ili wasikose wenzi bali wakose mchezo peke yake. Sehemu ya mbele ya ubongo wao ilikua tofauti. Wakikutana na mgeni, walishindwa kusoma ishara zake. Jambo dogo liliwatia hofu au liliwapandisha hasira kupita kiasi.

Kuna funzo hapa kuhusu kujilegeza ambalo kila mtoto wa uswahilini analijua bila kwenda Kanada. Katika kombolela, yule mdogo wa mwisho, anayeng'ang'ania kucheza na kaka zake wakati hajui hata kujificha, huonekana kichwa chote nje ya pipa. Anayetafuta anamwona. Anapita. Anajifanya kutafuta kwingine, kwa sababu mchezo ukimmeza mdogo utaishia kilio na mama atawaita wote ndani. Hakuna mtu mzima aliyeandika sheria hiyo. Mbwa mkubwa akicheza na mdogo hujitupa chini kwa hiari yake. Marc Bekoff, aliyetumia miaka mingi kurekodi mbwa na jamaa zao wa porini, ameonyesha kwamba ile ishara yao ya kuinama, kifua chini na matako juu, hutolewa hasa kabla au baada ya kung'ata kunakoweza kueleweka vibaya. Ni kama kusema: nitakalofanya sasa ni utani, na nililofanya sasa hivi lilikuwa utani. Anayezoea kuinama kisha akauma kweli, wenzake humkwepa.

Mwaka 2001 Bekoff, pamoja na Marek Špinka na Ruth Newberry, walitoa wazo ambalo kwangu mimi ndilo linalofungua kufuli. Walisema mnyama anayecheza hujitia makusudi katika hali ambayo haitawali: huruka vibaya, hujipindua, hujiacha aanguke, humpa mpinzani mgongo. Anafanya mazoezi ya kupotea na kurudi. Mchezo, kwa maoni yao, huandaa mwili na moyo kwa lisilotarajiwa: kuteleza, kushtuka, kushindwa, na kutoingiwa na kiwewe wakati hayo yanatokea. Ukilitazama hivyo, kitendawili cha nguchiro na paka kinalegea. Hakuna ustadi mmoja uliofundwa, kwa hiyo mtafiti anayepima ustadi mmoja hataona kitu. Kilichofundwa ni ulegevu wenyewe, uwezo wa kuyumba bila kuvunjika.

Ulegevu huo hauji kwa kuamrishwa. Amboseli ni mahali pazuri pa kuliona hilo. Phyllis Lee alipowachunguza tumbili wa huko, aliona kwamba msimu wa ukame mchezo wa watoto ulipungua sana, na mvua iliporudisha chakula, mchezo ukarudi nao. Waliomfuata Cynthia Moss, aliyeanza kuwafuatilia tembo wa Amboseli mwaka 1972, wanajua hali hiyo vilevile: mwaka wa kiangazi kikali ndama hutembea nyuma ya mama zao kama wazee, na mvua ikishanyesha hata majike wazima hukimbia huku vichwa vikining'inia, wakitoa tarumbeta bila sababu. Mchezo ni kipimo cha hali. Daktari wa mifugo mwenye macho huuliza kama ndama anaruka kabla hajaomba kipimajoto.

Sokwe wametia doa katika kanuni hiyo, doa zuri. Huko Kanyawara, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, watafiti waliochambua kumbukumbu za miaka kumi walichapisha mwaka 2024 kwamba chakula kikiadimika, sokwe wazima huacha kuchezeana. Jambo hilo lilitarajiwa. Lakini mama sokwe huendelea kucheza na watoto wao, hata pale wanapolazimika kujitenga na kundi ili wapate matunda ya kutosha. Katika miezi ya njaa mama ndiye mwenzi pekee aliyebaki, naye hulipa gharama. Sisemi kwamba sokwe anajua nadharia ya Špinka. Nasema tu kwamba mtu mwenye njaa hatoi bure kitu kisicho na thamani.

Msitu huo huo umetupa jambo jingine la kustaajabisha. Kwa miaka 14 Sonya Kahlenberg na Richard Wrangham walikusanya matukio ya sokwe wadogo wanaobeba vijiti bila kuvitumia kwa kazi yoyote: wakivishika kwapani wakitembea, wakiingia navyo kwenye viota vyao vya kulalia. Majike wadogo ndio waliofanya hivyo zaidi, na wakishazaa waliacha. Kwa jina lolote utakaloita, nikiona binti wa miaka minne amefunga gunzi la mahindi mgongoni kwa kitambaa, siwezi kusema mchezo wa kuigiza ulianza na sisi.

Umeanzia wapi basi? Gordon Burghardt, aliyeandika kitabu kikubwa cha mwaka 2005 kuhusu asili ya mchezo wa wanyama, aliweka masharti magumu ili tusiite mchezo kila kitu kinachorukaruka: tendo lisikamilishe haja ya wakati huo, lifanywe kwa hiari, litofautiane na tendo la kweli, lirudiwe bila kuwa ugonjwa, na mnyama awe ameshiba na hana tishio. Kwa masharti hayo hayo magumu, wageni wasiotarajiwa wamepita mlangoni. Pweza wawili kati ya wanane wa hifadhi ya viumbe wa baharini ya Seattle, waliochunguzwa na Jennifer Mather na Roland Anderson, walikuwa wakipulizia chupa maji ili ielee hadi upande wa pili na irudi na mkondo, kama mtoto anayedundisha mpira ukutani. Mwaka 2022 maabara ya Lars Chittka jijini London iliripoti nyuki wanene wenye manyoya wakiviringisha vijipira vya mbao bila malipo ya sukari. Nyuki 45 walishiriki, na mmoja alirudia mara 117.

Anayenigusa kuliko wote ni Pigface. Alikuwa kasa wa maji baridi mwenye gamba laini, wa jamii inayopatikana katika mto Nile na mito mingine ya Afrika, naye alikaa miaka mingi mno katika bustani ya taifa ya wanyama jijini Washington. Alilishwa, aliogeshwa, hakuwa na adui. Akaanza kujichuna shingo kwa makucha yake na kujiuma miguu. Wahudumu walimtilia mpira, vijiti na kipande cha bomba kilichokunjwa kuwa pete. Akaanza kuvisukuma, kupenya ndani ya pete, kuvutana mpira wa kumwagilia maji na mtu aliyeushika upande wa pili. Kujidhuru kukapungua. Kasa! Mnyama tunayemtaja tukitaka mfano wa kiumbe asiye na haraka wala hamu.

Tukifika kwa binadamu, wengi hutarajia wimbo wa sifa: wazazi chezeni na watoto wenu, nunueni vifaa, akili itakua. Hapo nasita kidogo. Mwanaanthropolojia David Lancy amekusanya ushahidi kutoka jamii nyingi kwamba mzazi anayekaa sakafuni kucheza na mtoto ni jambo la tabaka fulani la watu wa siku hizi. Sehemu kubwa ya dunia mtu mzima angeona haya. Miaka ya 1955 hadi 1957 Robert na Barbara LeVine waliishi Nyansongo, miongoni mwa Wagusii wa Kenya, katika utafiti mashuhuri uliolinganisha jamii sita. Watoto wa Nyansongo walikuwa wachapakazi kuliko wenzao wa jamii nyingine: walilea wadogo zao, walilima, walichunga. Waliocheza kidogo kuliko wengine pia walikuwa wao. Na Wagusii hawakugeuka taifa la watu wasiojua kusoma uso wa mgeni.

Kwa hiyo hoja yangu imeanguka? Nadhani imekaa sawa zaidi. Mtu aliyewahi kuchunga mbuzi anajua kwamba saa sita za kuchunga zina dakika chache za kuchunga. Zilizobaki ni za manati, za kuogelea mahali palipokatazwa, za kufinyanga ng'ombe wa udongo na kuwapiganisha. Watoto wa Wahadzabe karibu na ziwa Eyasi huchimba mizizi na kuchuma matunda wakiwa bado wadogo, mvulana hupewa upinde mdogo mapema sana, na ukiwatazama huwezi kuchora mstari kati ya kazi na mchezo, wao wenyewe wasingekuelewa ukiwaomba. Kazi ya aina hiyo ina nafasi ndani yake; nati inacheza. Hakuna mtu mzima aliyewasimamia, na watoto wa rika tofauti wako pamoja, wakubwa wakijilegeza na wadogo wakijikaza.

Ndiyo maana sishtuki sana nikisikia kwamba mtoto wa mjini hana vifaa vya kuchezea. Gari la waya, chandimu ya makaratasi na kamba, mdako wa kokoto vilitutosha. Ninachohofia ni ratiba. Gari la shule humchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa sababu anaishi mwisho wa njia, humrudisha jioni, baada ya hapo kuna masomo ya ziada, na Jumamosi masomo mengine. Kenya ilipiga marufuku masomo ya ziada ya likizo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, na kila mzazi anajua jinsi marufuku hiyo inavyozungukwa. Walimu wa awali nao wamefundishwa msemo mpya, kujifunza kupitia michezo, na nina shukrani kwa mwalimu anayefundisha kujumlisha kwa vifuniko vya soda badala ya fimbo. Lakini hilo ni somo zuri. Mchezo unaojua jibu lake kabla haujaanza, wenye mtu mzima anayeamua umekwisha lini, haumpi mtoto nafasi ya kupotea na kurudi. Jean Piaget, aliyechapisha mwaka 1932 uchunguzi wake kuhusu watoto wa Uswisi na gololi zao, alivutiwa hasa na ugomvi wao kuhusu sheria: nani amevuka mstari, nani anarudia, sheria inaweza kubadilishwa au haiwezi. Mabunge ya watoto hukaa kwenye vumbi, na mwalimu akifika huvunjika.

Baada ya suala la muda huja suala la ardhi. Tarehe 19 Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi, waliorudi kutoka likizo ya Desemba na kukuta ukuta umejengwa kuwatenga na uwanja wao, walikwenda pamoja na wanaharakati kuusukuma. Watoto waliovaa sare walijipanga kwenye ukuta, wakauyumbisha, ukaanguka. Polisi waliwarushia mabomu ya machozi. Mbwa wa polisi walikuwepo. Picha zilizunguka dunia nzima, serikali ikaomba radhi. Wengi waliliona kuwa sakata la unyakuzi wa ardhi, na lilikuwa hivyo kweli. Mimi hukumbuka zaidi kwamba watu wa kwanza kuelewa thamani ya kiwanja kile walikuwa wale ambao hawana hatimiliki ya kitu chochote.

Kwenye karatasi tuko vizuri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataja mchezo katika ibara ya 31. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaorodhesha haki ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, mavazi na matibabu. Machi 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitangaza tarehe 11 Juni kuwa siku ya kimataifa ya mchezo. Sina ubaya na siku hiyo, ila naona miaka mingi huangukia siku ya shule.

Limebaki la wakubwa, ambalo huwa linaachwa kwa sababu tunadhani mchezo huisha ndevu zikiota. Kwa wanyama wengi kweli hupungua sana. Kwetu hujificha. Bao lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji akianza na 22 mkononi, na mzee anayelicheza barazani Zanzibar huhesabu mbele mizunguko ambayo mimi sioni hata ya kwanza. Mholanzi Alexander de Voogt aliandika tasnifu ya udaktari mwaka 1995 kuhusu mabingwa hao. Lakini sikiliza barazani pale: nusu ya mchezo imo mdomoni. Mtu mzima, alhaji, mwenye wajukuu, anaambiwa mbele ya watu kwamba hajui kuhesabu na mkewe ndiye anayemtunzia chenji. Anacheka, anapanga jibu. Nje ya baraza maneno hayo yangeleta kesi.

Na kuna utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na wajukuu wao leo ni watani: wanatukanana kwa haki, wananyang'anyana vitu, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Wanaanthropolojia wameuandikia utani kurasa nyingi, wakiueleza kama njia ya kushikamana na mtu ambaye ungeweza kugombana naye. Nikikumbuka panya wa Pellis, hujiona nikitazama jambo lile lile: jino limefika kwenye kisogo, na haliumi.

Msibani ndipo utaujua. Nyumba imejaa vilio, kaburi limechimbwa, jeneza linasubiri. Mtani wa marehemu anatoka kwenye umati, anashuka kaburini na kulala chali, mikono kifuani. Anasema haondoki. Anasema marehemu alikuwa na deni lake, alikuwa mbahili, na huko aendako atawaambukiza wengine ubahili. Anataka pesa. Wenye msiba wanapekua mifuko wakitoa noti za elfu moja moja, yeye anazihesabu kwa sauti akiwa amelala mle shimoni, anadai zaidi, na mjane aliyeshikwa na wanawake wawili tangu asubuhi anainua ukingo wa kanga ili kufunika mdomo, kwa sababu ameshindwa kujizuia.